Baba, Nimempaka Rangi Abiria Wako wa Saba

Baba yangu,

Salamu nakutolea kila Ijumaa nikipita makaburini, basi leo naziruka. Hali yako siiulizi. Yetu sisi ni hii: Mama yu hai, anakunywa uji, na jana asubuhi aligombana na kuku wa jirani mpaka nikajua amepona kweli. Nakuandikia kwa jambo moja tu. Nimeingia chumba chako cha uani, nimewafungua abiria wako, na yule wa saba, yule uliyemwacha bati tupu miaka yote, nimempaka rangi.

Usikasirike kabla hujanisikiliza. Ulikuwa na tabia hiyo ulipokuwa hai.

Unakumbuka watu wa Gando walivyokucheka uliporudi kutoka Tanga. Miaka mingi ulikuwa ukipaka rangi mabehewa kwenye karakana ya reli kule, na siku ya kurudi hukuja na baiskeli wala redio kama wenzako. Ulikuja na mkasi wa bati, makopo mawili ya rangi na kikohozi. Ukachukua mlango mkuukuu, ukaulaza juu ya matofali kwenye chumba cha uani, ukaanza kujenga treni ya kuchezea ambayo hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuichezea. Reli ulizinyoosha kutoka kwenye vyuma vya miavuli. Mabehewa yalikuwa makopo ya sardini na ya maziwa. Stesheni ulizikata kwa kadibodi, ukaziandika kwa mkono wako, Tanga, Muheza, Korogwe, Mombo, na ili treni ivutike ulifunga uzi kwenye gurudumu la cherehani bovu la Bibi. Watu wakakupachika jina la Bwana Stesheni. Wakikukuta dukani wanakuuliza treni ya Wete inatoka saa ngapi, kana kwamba kisiwani kwetu kuna reli, nawe bila hata kutabasamu unawajibu kwamba leo imechelewa.

Mabehewa mawili ya mbele yalikuwa matupu. La tatu ndilo lililokuwa na watu, na mimi nililiogopa tangu nilipokuwa mdogo. Abiria wenyewe hawakuzidi pingili ya kidole, wamekatwa kwa bati, na hawakuwa na nyuso. Shehe alipokuja kukuonya kwamba mwenye kutengeneza sanamu ataambiwa siku ya Kiyama aitie roho na hataweza, ulimjibu kwa adabu kwamba hawa hawana macho wala mdomo, ni vivuli tu. Lakini kila kivuli kilikuwa na mwenyewe. Alikuwemo Babu na kanzu yake. Alikuwemo mwanao wa kwanza, kaka yangu ambaye hakufikisha hata siku saba, kitambaa cheupe tu ubavuni mwa Babu. Kila aliyetoka nyumbani kwetu kwenda kaburini alipata kiti katika behewa la tatu, na alipakwa rangi ya nguo aliyoipenda duniani.

Bibi alipofariki nilikuwa na miaka kumi. Siku ya tatu, hitima imekwisha na masahani yameoshwa, ulinishika mkono ukaniingiza uani ili nikushikie taa. Nilikuuliza kwa nini hukumkata Bibi mapema, kwa vile alikuwa mgonjwa miezi mingi na kila mtu alijua. Ulisimamisha mkasi. "Mtu hakatwi mpaka azikwe," ulisema, "wala hapakwi mpaka arobaini." Ulisema kwa ukali ambao sikuustahili, nikakushikia taa mpaka ulipomaliza.

Arobaini ilipofika ukampaka. Nakuona mpaka leo. Ulikuwa na mirija miwili ya kalamu za wino uliyoifunga pembe kwa pembe, mmoja umesimama ndani ya kopo la rangi, mwingine mdomoni mwako. Unapuliza, na rangi inatoka kama ukungu. Pumzi mbili fupi, moja ndefu. Fu, fu, fuuu. Halafu unakohoa, unafuta mdomo, unaanza tena. Bibi alipata kanga yake nyekundu, na rangi ilimkaa sawasawa bila alama ya brashi hata moja. Mama alikuwa jikoni. Mama hakuwahi kuingia chumba kile, hata kufagia, na sisi sote tulidhani ni kwa ajili ya dini.

Abiria wa saba sikuambiwa ni nani. Wakati ule hakuwa hata wa saba, alikuwa tu kipande cha mwanamke kilichokaa peke yake kwenye kiti cha nyuma, hakijapakwa. Nilidhani ni cha ziada, au ulikosea ukaona haya kukitupa. Wengine wakaja wakapakwa, shangazi wote wawili, na Ami, yeye akabaki na bati lake.

Na sasa nikwambie lililokuwa likiniuma, kwa sababu halihusiani na treni, au ndivyo nilivyodhani. Nilipoanza kuvaa baibui uliacha kunitazama. Nilipokuwa mdogo ulinibeba mabegani mpaka shamba la karafuu, nikakua, ukawa ukinikuta mlangoni unageuza uso. Nikikuletea chai unaipokea ukiangalia ukuta. Siku moja nilikuwa natoka kwenda kupeleka sare za skuli nilizozishona, kikapu mkononi, ukaja mbio ukanipokonya. Kilikuwa mkono wa kushoto. Ukanirudishia mkono wa kulia, ukaondoka bila neno. Nililia njia nzima. Nilishasema moyoni kwamba baba yangu hanipendi, na nikaishi na neno hilo hata nilipoolewa, hata nilipoachwa nikarudi.

Hata hivyo siku ya tatu baada ya kukuzika, mkasi niliushika mimi. Nani mwingine? Nilikukata vibaya, bega moja juu na jingine chini, lakini kofia ilitoka vizuri. Arobaini yako ikafika, nikachukua mirija yako. Nilipuliza mpaka kichwa kikazunguka. Yalitoka matone na mate. Nikakufuta. Nikajaribu brashi, ukawa kama mtu aliyemwagiwa uji, nikakufuta tena. Basi nikakuweka ndani ya kibiriti kitupu, nikakiacha dirishani. Mwaka wa pili ukakukuta umelala humo, Baba. Wote uliowapandisha wewe walikuwa na rangi na viti vyao, na wewe mwenyewe ulikuwa umekosa wa kukupandisha. Nilikuwa nikipita pale dirishani naona haya kama mtu aliyealika mgeni akamwacha nje.

Nilifikiria kompresa ya gereji pale Wete, lakini ile ingekupeperusha mpaka baharini. Halafu chumba chako hakina umeme, ulimfukuza fundi mwenyewe. Ndipo nilipomsindikiza binti ya jirani kwa Bi Mwanakombo, yule mpambaji wa maharusi wa Gombani, nikamwona akimpaka bibi harusi rangi za kucha kwa kibomba kidogo cha kupulizia, hakina waya, amekishika kama kalamu. Rangi ilitua bila kugusa. Nilisahau kilichonipeleka, nikabaki nimekodoa macho.

Alikuwa navyo vya aina mbili, akanionyesha vyote. Cha kwanza ni kitu kimoja, kalamu na mtambo wake vimeungana, betri iko ndani ya mkono wake, na kinachajiwa kwa waya wa simu. Chepesi kukipakia kwenye mkoba, ila mkononi ni kizito upande wa chini, na kinatetemeka. Kinataka rangi nyepesi kama maziwa, ukizidisha kidogo sindano inaziba. Sauti yake ni ya mbu, haipandi wala haishuki. Cha pili kimegawanyika: kijisanduku cha hewa chenye betri unakiweka mezani, na mpira mwembamba unakwenda kwenye kalamu. Kalamu yenyewe haina uzito. Kitufe ukikibonyeza kinatoa hewa, ukikivuta nyuma ndiyo inakuja rangi, kidogo au nyingi unavyotaka. Kina nguvu zaidi, na nilipomuuliza alisema hakisumbuliwi hata na rangi ya mafuta ya milango. Lakini betri yake ikianza kupungua, alisema Bi Mwanakombo, hewa haiendi moja kwa moja, inakatika katika.

"Weye nshonaji, nkono wako hautetemeki, cha pili kitakufaa," aliniambia. "Lakini huyo bibi harusi wako ni nani, hata apakwe kwa rangi ya milango?"

Nikamwambia ni kazi ya marehemu baba yangu. Aliacha kucheka. Akaniambia nivichukue vyote viwili nikavijaribu siku chache, kisha nirudishe nisichokitaka, na akanionya nisianze na kitu nikipendacho. Mkono mgeni huharibu cha mwanzo, alisema, yeye mwenyewe alianzia kwenye kucha za miguu yake.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilianza na vifuniko vya makopo, sawa. Nikapaka ubavu wa behewa la kwanza kwa kijani, ukatoka mzuri, pale chumvi ilipokwisha kula rangi yako pakawa papya. Lakini kifuniko si mtu. Nilitaka kujaribu kwenye kitu cha umbo lako kabla sijakugusa wewe, maana nilishakufuta mara mbili na ya tatu nisingeiweza. Nikamtizama yule wa kiti cha nyuma. Nikasema huyu si mtu yeyote, huyu ni wa ziada. Kwenye kikombe ilikuwa imebaki kijani ya behewa. Nikambana kwa koleo, nikachukua kibomba cha pili.

Ilikuwa baada ya sala ya alasiri, jua lingali kali, kuku wanaparura uani. Mama alikuwa amejinyoosha chumbani kwake, mzima kabisa. Nilibonyeza, nikavuta kidogo. Kijisanduku kilikuwa kimekwisha kufanya kazi ya behewa zima, betri ikaanza kulegea. Hewa ikakatika. Fu, fu, fuuu. Nikakitazama, Baba. Fu, fu, fuuu. Mkono wangu ulikuwa umetulia juu ya kitufe, sikukiachia wala sikukibana tena.

Sauti ya Mama ikaja kupitia dirishani, ya mtu aliye nusu usingizini.

"Nwambie babaako apumzike. Kifua chake hakiwezi."

Nilizima kibomba. Kimya kikawa kikubwa kuliko kawaida, hata kuku sikuwasikia, nami nikashusha macho kwenye koleo.

Wewe unajua nilichokiona, maana ulikiweka mwenyewe. Bati tupu linaficha. Kwa miaka yote nilikuwa nimeona kipande kinachong'aa, basi. Ukungu ule wa rangi ulipotua ukaingia kwenye kila mkwaruzo uliouchora kwa msumari, na mwanamke akajitokeza. Uso hakuwa nao. Lakini shingo ilikuwa imeinama kidogo kushoto, mtu anayesikiliza kitu cha mbali. Mwili mrefu, mabega membamba. Mikunjo ya baibui. Mkononi mwa kushoto ana kikapu, na ulikuwa umechora hadi misuko yake. Nani Gando nzima ana shingo ile? Nilimtambua papo hapo. Alikuwa Mama.

Nilikuwa nimemkalisha Mama miongoni mwa maiti na kumpaka rangi, naye yu chumba cha pili anapumua.

Nilipoingia kwake alikuwa amekaa kitandani. Nikamwambia ile sauti ilikuwa mashine, nimeiazima Gombani. Alinitizama sana, akajilaza tena. Magharibi ikaingia na homa yake. Alitetemeka, akakataa chakula, pumzi ikawa fupi. Nilikwenda uani na kijaluba cha tina ya kuyeyushia rangi, nimechanganyikiwa, nikiwa na nia ya kuifuta rangi yote irudi bati. Nilipomtumbukiza tu yule abiria, Mama akakohoa ndani kama mtu aliyepaliwa na maji. Nikamtoa mbio. Kikohozi kikakoma. Najua watu hukohoa, Baba. Najua na homa inakuja bila kuitwa. Lakini sikuthubutu kumtumbukiza mara ya pili. Nilimkausha kwa pindo la kanga, nikamrudisha kwenye kiti chake, nikamfungia mlango.

Asubuhi, kabla ya kumpeleka Mama hospitali, nilifungua nichungulie. Tangu ufe treni yako ilikuwa imesimama Muheza, pale pale ulipoiacha, hata nikifuta vumbi siisogezi. Asubuhi ile ilikuwa imetoka Muheza. Si mbali, upana wa vidole vitatu, na uzi umelegea. Huenda niligonga meza wakati nakimbia na tina. Nimejiambia hivyo mara nyingi.

Hospitali ya Wete walisema ni mapafu. Wakamlaza. Nilikaa kando ya kitanda chake siku sita, nikimpepea, nikimhesabia pumzi, na kila aliyekuja kumjulia hali akinisifu kwa mapenzi yangu nilitaka kuzama. Nilijua mimi ndiye niliyemkatia tiketi. Sikuwa na wa kumwambia. Ningemwambia Shehe, angeniambia nitubu kwa ushirikina, na angekuwa na haki. Ningemwambia daktari, angenitafutia kitanda cha pili. Siku ya nne nilimwomba jirani anikalie, nikaenda Gombani nikamrudishia Bi Mwanakombo kibomba cha pili. Nikamwambia nabaki na kile cha sauti ya mbu. Aliniuliza kama cha pili kina kasoro. Nikamjibu hakina.

Mama akapata nafuu. Nilifurahi, na wakati huo huo sikuamini. Niliona kama treni imesimama njiani tu kuchukua maji. Alirudi nyumbani, akaanza kutembea mpaka mlangoni, akaanza kulalamikia chumvi. Na mimi nikawa siwezi kulala wala kushona, mpaka asubuhi moja nikaona bora anichukie kuliko afe bila kujua. Alikuwa barazani na bakuli la uji. Nilikaa chini miguuni pake, nikamweleza yote, tangu kibiriti chako hadi tina. Nikafungua kiganja nikamwonyesha mwanamke wa kijani. Nikamwambia, Mama, nisamehe, nimekupaka.

Aliweka bakuli chini. Alimchukua yule abiria, akamgeuza kwenye mwanga, akapitisha ukucha kwenye ile shingo.

"Huyu si miye, mwanangu," alisema. "Miye babaako hakunikata. Huyu ni weye."

Sikumwelewa. Akanieleza polepole, akipumzika baina ya maneno. Nilikuwa sijatimiza miaka saba. Homa ilinichukua, nikalala siku nne sifungui macho, na daktari alishamwambia anirudishe nyumbani. Siku ya nne pumzi yangu ikawa ya kutafutwa. Mama akaja uani kukuita uje unitie maji mdomoni.

"Nikamkuta na nkasi wa bati. Ntu keshankata. Na weye ungali wahema."

Baba, nakumbuka sauti ya mkasi ule. Ni kitu pekee ninachokumbuka katika ugonjwa wangu, kule mbali nilikokuwa nikisikia kitu kinakatwa polepole, na siku zote kumbukumbu hiyo ilikuwa ikinituliza, kwa sababu nilijua ni wewe na uko karibu.

Mama anasema hakukusemesha miezi mitatu. Na kuanzia siku ile hakukanyaga tena chumba chako. Haikuwa dini hata kidogo. Lakini kabla hajanyamaza alikuuliza swali moja. Alikuuliza kwa nini, kama ulishakata tamaa, mtoto wa miaka sita umemkata mtu mzima mwenye baibui na kikapu. Na wewe, anasema, ulikuwa umekaa chini sakafuni na vipande vya bati vimekuzunguka.

"Akanambia, nataka nimwone atakavyokuwa akikua, maana sitamwona."

Mama alilia hapo. Mimi bado, kilio changu kilikuja kesho yake nikiwa kisimani. Akaendelea kunieleza kwamba nilipofungua macho ulikimbia mpaka msikitini bila viatu. Ukaapa kwamba hutamkata mtu tena mpaka azikwe. Ulitaka kumtupa yule mwanamke wa bati ukaogopa, ukataka kumyeyusha ukaogopa zaidi, ukamwacha kwenye kiti cha nyuma bila rangi. Na mimi nikaanza kukua. Ulikuwa umemchora kwa kubahatisha tu, ukiazima urefu wa Mama na shingo ya Mama, na kila mwaka nikawa nakwenda kule kule. Nikarefuka. Shingo ikainama. Nikaanza kushona, nikapata kikapu, nikakishika mkono wa kushoto. Ulikuwa ukinitazama unamwona yeye. Ukaingiwa na woga kwamba siku nitakapofanana naye sawasawa, siku hiyo ndiyo.

Kwa hiyo ndiyo maana ulitazama ukuta. Miaka ishirini na zaidi, Baba. Nilikuwa nikikuletea chai nakwambia kimoyomoyo, nitizame basi mara moja tu, na wewe ulikuwa ukijizuia kwa nguvu zako zote. Nimekukasirikia sana kwa hilo. Kwa nini hukusema? Ningekishika kikapu kwa meno kama ungetaka. Nimekukasirikia, kisha nikakuhurumia, na sasa nina vyote viwili, sijui nivitenganishe vipi.

Tulikaa pale mpaka uji ukaota ngozi. Mwishowe Mama akanirudishia yule abiria mkononi, akaniambia nirudi Gombani nikachukue kile kibomba kingine. Nikamwambia kina sauti ya ajabu.

"Kina pumzi yake," alisema. "Hicho cha mbu nrudishie mwenyewe."

Bi Mwanakombo hakuniuliza kitu. Alikuwa amekiweka kando, hakukiuza. Alhamisi iliyopita nilikichaji mpaka kikajaa, nikafungua mlango wa uani, na Mama akaja. Aliingia, Baba. Alisimama kizingitini kidogo, akatanguliza mguu wa kulia, akasoma alichosoma, akakalia kigoda chako. Nikakutoa kwenye kibiriti. Nikakupaka kahawia ya mabehewa ya Tanga, ile nyekundu nyekundu uliyokuwa ukirudi nayo kwenye kucha zako, na kofia nikaikinga kwa karatasi ili nayo niipake nyeupe. Betri ilikuwa imejaa. Hewa ilipaswa kwenda moja kwa moja, na ilikwenda hivyo, mpaka nilipofika kwenye kofia. Hapo ikakatika. Mbili fupi, moja ndefu. Mama aliinua kichwa. Niliendelea mpaka ukaenea.

Umepata kiti karibu na dirisha, baina ya Bibi na mwanao. Bega lako moja bado liko juu, utaniwia radhi.

Na mimi? Mama aliniuliza nitajitoa behewani au nitajiacha. Nilikwenda kwenye kioo cha kabati, nimevaa baibui, nikachukua kikapu changu kwa mkono wa kushoto, nikasimama kama ulivyonichora. Niliona hofu yako yote pale, nikaitizama mpaka ikachoka. Hakuna tofauti hata ya mkunjo mmoja. Nina miaka thelathini na minane, mvi mbili, na nguo za watu zinazosubiri vifungo. Sitajikwangua rangi. Sijui treni yako inakwenda wapi wala inakwenda vipi, na sitakudanganya kwamba nalala vizuri. Lakini ile siku uliyoiogopa imefika, imepita, na mimi nimepika chakula cha mchana.

Pumzika sasa, kifua chako kimefanya kazi ya kutosha. Ukitaka kunitazama, nitazame tu. Nimeshafanana naye, Baba, na ningali hai.

Ni mimi,
Binti yako